Msaada: kompyuta ndogo ya kupigia muziki nyumbani, Raspberry Pi au mashine ya mtumba?

Kaseti_Upande_B:
Habari za jioni wakuu. Nina amplifaya ya zamani ya mzee na spika zake mbili za mbao zile za kusimama chini, bado ziko vizuri mno, nikiweka CD bibi chumbani anaomba nipunguze. Sasa CD pleya lenzi imechoka, inaruka ruka, ila CD zote nilishazihamisha kuwa FLAC, yale mafaili yanayobana muziki bila kupunguza ubora, ziko kwenye diski ya nje, taarab na dansi za zamani kibao, na kaseti za mama nazo naziingiza kidogo kidogo. Tatizo napigia laptop kwa tundu la hedifoni, spika zinaunguruma muda wote hata wimbo haujaanza, nikiongeza sauti na muungurumo unapanda.

Nataka kakompyuta kadogo nikafiche nyuma ya kabati, kasiwe na feni ya kelele, nichague nyimbo kwa simu nikiwa nimekaa. Bajeti laki tatu. Muuzaji mmoja pale Kariakoo kaniambia bila RAM 8GB na prosesa ya maana FLAC zitakuwa zinakwama. Ni kweli? Nawasilisha.

Waya_Mwekundu:
Mkuu huyo alikuwa anakuuzia RAM tu. CD ina sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16 kila moja, chaneli mbili, zidisha mwenyewe uone ni kama kilobiti 1,411 kwa sekunde na FLAC inabana hiyo mpaka karibu nusu. Hata yale mafaili makubwa ya biti 24 kwa 192 kHz ni megabiti 9 na kidogo kwa sekunde kabla ya kubanwa. Raspberry Pi 3, kale kakompyuta ka bodi moja, yenye RAM 1GB inafungua hayo huku imelala. Kwa hiyo hela yako usiitupe kwenye prosesa, itupe pale data inapogeuka kuwa umeme wa sauti, yaani DAC, na kwenye chaja nzuri.

Ila kabla hujanunua chochote fanya kitu kimoja. Muziki ukiwa unapiga kwenye laptop, chomoa chaja yake ibaki na betri. Muungurumo ukikata utuambie.

Pwani_Digital:
Salaam kutoka Mombasa. Mimi naona wengi wanakimbilia Pi na ukijumlisha chaja, memori kadi, boksi na DAC bei inapanda, wakati kuna zile kompyuta ndogo za ofisini, thin client, za mtumba kutoka Ulaya zimejaa. Mimi natumia HP t620, haina feni, iko kimya kabisa, ndani ina SSD yake ndogo, imekaa nyuma ya TV hata wageni hawajui iko. Nimeweka Daphile, hiyo ni Linux (mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows) ya muziki tu, ukishaiweka unatoa kioo na kibodi, kila kitu unaendesha kwa brauza ya simu. DAC nimeweka ya USB ya kawaida na Linux imeitambua papo hapo bila draiva. Huko Dar ukizunguka maduka ya kompyuta za mtumba utazipata, wengi hawazitaki maana ni dhaifu kwa kazi za ofisi za siku hizi, ndiyo maana bei yake ni ya kuongea.

Angalia tu uuziwe na adapta yake, kuitafuta baadaye ni shida.

Sikio_Kali:
Wote mnasema kweli lakini mnasahau usafi wa umeme. Kompyuta yoyote inamwaga uchafu kwenye USB, bila linia pawa saplai (chaja ya transfoma isiyo na kelele) na kebo ya USB ya maana yenye fedha ndani unajidanganya. Mimi nilibadilisha kebo tu nikasikia pumzi ya mwimbaji, ngoma zikatulia, jukwaa likapanuka.

Waya_Mwekundu:
@Sikio_Kali mkuu kwa heshima, kebo ya USB inapitisha namba. Namba zikifika sawa zimefika sawa, fedha ndani haiongezi pumzi ya mtu. Kelele za umeme kupita kwenye waya wa graundi hizo zipo na nakubaliana na wewe, ila dawa yake siyo kebo ya laki mbili wakati jamaa bajeti yote ni laki tatu.

Kaseti_Upande_B:
Asanteni wakuu. Nimechomoa chaja ya laptop, muungurumo umekata palepale, kimyaa. Nikirudisha unarudi. Jirani yangu fundi anasema nikate pini ya erthi kwenye plagi ya amplifaya yatakwisha. Mnaonaje?

Mama_Ampea:
Mwanangu usikate erthi hata siku moja! Amplifaya ya zamani bodi yake ni chuma, ndani kuna transfoma ya 230V, siku waya ukichubuka ukagusa bodi hiyo erthi ndiyo inayoivuta fyuzi ikatike badala ya umeme kupita kwa mtoto anayeshika kitufe cha sauti. Mimi nimefanya kazi za umeme majumbani, nimeshaona plagi za namna hiyo na sitaki kuziona kwako.

Kilichopo ni kwamba laptop ina erthi kupitia chaja yake ya pini tatu, amplifaya nayo ina erthi yake, ukiziunganisha na waya wa sauti umetengeneza duara, na kwenye hilo duara mkondo wa 50 Hz unazunguka. Kifaa kinachotumia chaja ndogo isiyofungwa erthi duara linakatika lenyewe, na chaja nyingi za Pi ziko hivyo. Ndiyo maana kwako mimi ningechagua Pi kuliko ile mashine ya mwenzetu wa Mombasa, maana adapta za hizo mara nyingi ni za pini tatu kama za laptop. Ikitokea bado unaunguruma, nunua ile noizi filta ya jeki za RCA wanayofunga mafundi wa redio za magari, ndani ni vitransfoma viwili tu, inapunguza besi ya chini kabisa kidogo lakini erthi yako inabaki salama.

Pwani_Digital:
Mama kasema, hata yangu ilikuwa inaunguruma mpaka nikaweka hiyo filta. Nakubali.

Waya_Mwekundu:
Haya basi, duara la erthi ndiyo mchawi. Chukua Pi 3 au 4, hata iliyotumika. Tundu lake la hedifoni la 3.5 usilitegemee, lile halina DAC ya kweli, sauti inatengenezwa kwa kuwasha na kuzima pini haraka haraka halafu inachujwa, utasikia shwaa wimbo ukiwa wa taratibu. Pi 5 hata hilo tundu hawakuliweka.

Kwa DAC ukiwa na hela chukua bodi ya HiFiBerry inakaa juu ya zile pini 40 basi. Kama hela imebana kuna bodi ndogo ya zambarau yenye chipu ya PCM5102A, unaunga waya tano kwenda kwenye pini za Pi: VIN kwenye pini ya 2, GND kwenye ya 6, BCK kwenye ya 12, LCK kwenye ya 35, DIN kwenye ya 40. Halafu kuna SCK, hiyo wengi wanaiacha inaning'inia kisha wanalalamika hakuna sauti au inakwaruza, iunge na GND hapohapo kwenye bodi kwa tone la risasi ya kulehemu. Waya ziwe fupi, zisizidi kidole.

Programu weka moOde, ya bure. Kwenye setingi za sauti chagua HiFiBerry DAC hata kama yako ni ile ya zambarau, inakubali. Uzuri wake inapeleka faili kwenye DAC kwa kasi yake ileile ya 44.1 kHz, wakati Linux ya kawaida ya kutumia na kioo mara nyingi inachanganya sauti zote na kuzigeuza kuwa 48 kHz. Kwa sikio tofauti ni ndogo sana, sitakudanganya, ila kwa nini uigeuze bure.

Mama_Ampea:
Na chaja! Usitumie chaja ya simu yoyote uliyoikuta droo. Pi 4 inataka 5.1V kwa ampea 3, na matundu yote manne ya USB yanagawana ampea 1.2 tu, ukichomeka diski ya nje chaja dhaifu inazama na diski inaanza kugonga tik tik. Ingia kwenye Pi, sehemu ya kuandika amri, uandike vcgencmd get_throttled, ikikujibu 0x0 umeme unatosha, ikitoa namba kama 0x50005 umeme unazama, badilisha chaja au waya wake. Umeme wetu unavyokatika nao, nyimbo zikae kwenye diski, memori kadi ibaki na programu tu, na nakala ya hiyo kadi uitunze pembeni maana siku moja itakufa katikati ya wimbo.

Kaseti_Upande_B:
Nimewaelewa wakuu, shikamoo mama. Nachukua Pi 4 ya 2GB na hiyo bodi ya zambarau, mashine ya kulehemu ninayo. Swali la mwisho, sauti nipunguzie kwenye simu au kwenye amplifaya?

Waya_Mwekundu:
Kwenye amplifaya. moOde ifungie sauti ya juu kabisa, kitufe cha mzee ndicho kifanye kazi. Siku ya kwanza tu anza kitufe kikiwa sifuri, usije ukamrusha bibi kitandani.

Sikio_Kali:
Ukishafunga tuambie. Na kebo yangu haiuzwi 😂