Naomba ushauri: glezi ya majivu inaweka nyufa
Wakuu, habari za kazi. Nafinyanga vikombe na mabakuli, na sasa najaribu glezi (ule mpako unaoyeyuka kuwa kama kioo juu ya chombo) ya majivu ya kuni: majivu yaliyochekechwa, feldispa (madini ya mwamba yanayosaidia glezi kuyeyuka) na kaolini (udongo mweupe) ya Pugu. Nachoma kwenye tanuri la gesi hadi nyuzi 1250 hivi za Selsiasi. Rangi naipenda mno.

Shida ni nyufa. Kikombe kinatoka kizima, lakini kikikaa mezani unakisikia kinalia ti, ti. Ukikipaka wino unaona mistari myembamba kama utando wa buibui. Ukiacha chai usiku kucha, asubuhi kitako kimelowa. Siwezi kumuuzia mtu kitu hicho.

Nimeshauriwa nipoze tanuri taratibu. Sijashawishika, maana nyufa zinaongezeka hata siku kadhaa baadaye. Naona glezi inasinyaa kuliko udongo, na feldispa ndiyo naishuku, kwa sodiamu na potasiamu yake.

Nafikiria kuongeza silika (madini ya mchanga mweupe) ili kupunguza kusinyaa, ila nahofia glezi isiyeyuke vizuri. Mliowahi kutumia majivu, mliongeza kiasi gani? Au nibadilishe udongo wenyewe? Na majivu mnayaosha kwanza? Haya yangu yasiyooshwa yanachoma mikono balaa.