Wauguzi wa Uganda, tupeane uzoefu: nyongeza ya mshahara imekufikia?

Salaam wenzangu. Mimi ni nesi wa cheti, nafanya kazi kliniki ya binafsi hapa Kampala. Julai 2022 serikali ilipopandisha mishahara ya wahudumu wa afya baada ya migomo yao, majirani walikuja kunipongeza. Mama mwenye nyumba naye akaja, akapandisha pango kutoka shilingi 150,000 hadi 180,000. Nikamweleza kuwa nyongeza ni ya walioajiriwa na serikali. Akanijibu, "Musawo ni musawo," yaani mhudumu wa afya ni mhudumu wa afya tu.

Hesabu yangu hii hapa. Mshahara 450,000. Kodi ya mapato inakata 37,000, NSSF, akiba ya uzeeni, asilimia 5 ni 22,500. Toa pango, nabaki na 210,500 ya mwezi mzima, na nina mtoto shuleni. Oktoba ya mwaka ule mfumuko wa bei ulifika asilimia 10.7. Mche wa sabuni tulianza kuununua vipande. Petroli ilipopanda, bodaboda wa 2,000 akataka 3,500, nikaanza kwenda zamu ya usiku kwa miguu, sare nimeikunja kwenye kavera, mfuko wa plastiki, isichafuke vumbi. Mwenzangu, wewe ulifanyaje?

Mkunga, Arua:
Pole sana dada. Mimi nilipata, sitaki kukuficha. Niko serikalini na nina diploma. Ujumbe wa benki uliingia nikiwa nakata kitovu cha mtoto, nikausoma baadaye nikiwa nimekaa chini sakafuni. Muhula ule nililipa ada za watoto wote watatu kwa mkupuo, mara ya kwanza maishani. Ila mkopo wa SACCO ulikuwa unaningoja, na ndugu kijijini walisikia habari redioni kabla yangu. Na usiku bado tuko wawili kwenye wodi ya uzazi.

Nesi, hospitali ya misheni, Kasese:
Kwetu nyongeza ilileta pengo. Wenzetu watatu waliomba kazi serikalini wakaenda, siwalaumu hata kidogo. Zamu zao tunazishika sisi tuliobaki.

Mume wa nesi, Busia:
Mke wangu akitoka zamu ya usiku saa mbili asubuhi, saa tatu yuko kliniki ya pili. Jumapili nilimkuta amelalia meza, kitambulisho kiko shingoni, chai imeshika utando. Nilimvua viatu nikamwacha. Hayo ndiyo maisha ya kupanda bei, ndugu zangu, mtu anauza usingizi wake.

Nesi, Mbarara:
Dada wa Kampala, sisi wa binafsi tusiombe mmoja mmoja. Tuliandika barua watu wanne, tukaorodhesha bei ya posho (unga wa mahindi), maharagwe, sabuni na nauli, ya mwaka uliopita na ya sasa. Mwenye kliniki aliisoma mbele yetu. Tukapata 50,000 kila mmoja, na chakula cha zamu ya usiku.

Mwanzisha mada:
Asante sana dadangu. Tafadhali niandikie hapa mlivyoianza hiyo barua. Sisi tuko watano, na leo sote tunaingia saa moja jioni.