Nimepata Biolojia, nilitaka udaktari. Niende au nisubiri?

Binti wa Pasua
Habarini wakubwa. Nimemaliza kidato cha sita, PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia), nipo Pasua hapa Moshi. Fizikia imeniangusha, udaktari nimeukosa, nimechaguliwa shahada ya Biolojia, miaka 3. Mzee anauza mahindi Mbuyuni, anasema mkopo ukitoka niende, habari za kurudia mtihani hataki kuzisikia. Binamu yangu yuko Marekani, ananiambia wenzake huko walianza na Biolojia wakaingia udaktari. Na majirani kila siku, "daktari wetu anaondoka lini?" Nifanyeje?

Mzee wa Hadubini
Mdogo wangu, binamu hakudanganyi, anakueleza ya kwao. Kule udaktari husomwa baada ya shahada ya kwanza, miaka 4 kisha mingine 4. Huku unaingia ukitoka kidato cha sita, miaka 5, halafu mwaka wa mazoezi hospitalini. Biolojia peke yake haikupi usajili wa kugusa mgonjwa, wala wa kukaa maabara ya hospitali. Mimi nililijua hilo nimeshavaa joho. Nilipeleka barua hospitali moja, dada akaniuliza namba ya usajili wa baraza la taaluma. Nikampa cheti cha shahada. Akakirudisha polepole, kama noti iliyochanika.

Sasa nakula kwa mbu. Alfajiri tupo Mabogini kwenye majaruba ya mpunga, tunakusanya walionaswa usiku. Unamgeuza kwa kibanio chini ya hadubini: Anofelesi jike, mbu wa malaria, ana vipapasio virefu kama mrija wake wa kunyonyea, yule kyuleksi, mbu wa jamii nyingine, vyake vifupi. Ila arabiensisi na gambie, aina mbili za Anofelesi, ni mapacha, utakesha; mpaka kipimo cha DNA. Jenetiki niliyokuwa naisinzilia ndiyo inayonilipia kodi ya nyumba.

Nesi Mstaafu
Mwanangu, kama moyo uko wodini, mbona hutaji stashahada? Uuguzi au maabara, miaka 3, unasajiliwa, baadaye unapanda shahada. Majirani hawakulipii ada.

Binti wa Pasua
Shikamoo mama, asante. Kaka, na nikienda hiyo hiyo Biolojia?

Mzee wa Hadubini
Basi ujue unaelekea utafiti. Uzamili upo hadi Tengeru, pale Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha. Ila usijaze fomu kwa maneno yangu. Jumamosi njoo Mabogini na mzee wako, mwone kazi yenyewe. Mvae mikono mirefu.