Mrejesho: yule njiwa aliyekuwa ananyonyoka manyoya

Wakuu, wiki tatu zilizopita niliuliza kuhusu njiwa wangu dume hapa Mbagala: ananyonyoka manyoya, kajikunyata pembeni ya banda, mtama anaudonoa na kuutema. Wengi mlisema ni kunyonyoka tu, kutapita. Mmoja akasema mfungue mdomo.

Huyo mmoja nampa tano! Nilimulika kwa tochi ya simu nikakuta vipande vya njano kooni, kama kiini cha yai la kuchemsha. Nilikuwa nimeshashika kijiti cha pamba nivikwangue, bahati nikampigia kwanza daktari wa mifugo. Akanikataza, angevuja damu. Ni trikomonasi, vijidudu vinavyosambaa kwa maji ya kunywea pamoja. Kunyonyoka kulimchosha tu, maana unyoya karibu wote ni protini, na kuotesha mapya kunamla mwili. Alimpima uzito, akampa dawa ya metronidazo.

Nilimtenga kwenye tenga, chombo cha maji nasugua kila asubuhi. Mtama nikachanganya na choroko na kunde; mwanzoni nililoweka, koo lilikuwa linauma. Beseni la kuogea nikamwekea saa nne, jua likishawaka. Mke wangu anasema njiwa anaoga kuliko mimi.

Sasa mbawa zimeota vijiti vya bluu vyenye manyoya mapya ndani. Vijiti hivyo msivishike, vina damu. Bado hajarudi kwa wenzake, ila jana kaniponyoka akatua kwenye bati la jirani. Kumshusha ilikuwa kazi.