Mrejesho: matawi ya kuokota yanachongeka

Wakuu, niliuliza kama anayeanza kuchonga anaweza kutumia matawi yanayokatwa mitaani hapa Dar badala ya kununua mbao. Yanafaa. Tawi la mwembe likiwa bado bichi kisu kinapita vizuri, na mwiko wangu wa kwanza umetoka humo. Aliyeshauri nipake nta ya mshumaa ncha zote mbili na kuyaweka kivulini, asante sana: maji hutoka haraka zaidi kwenye ncha, ndiyo maana nyufa huanzia hapo. Mwarobaini ni mgumu, ukikauka ndiyo kabisa. Mpingo nimewaachia mafundi wa Mwenge. Mnyaa siugusi, utomvu wake ni hatari kwa macho. Sasa natafuta patasi yenye makali ya mviringo. Kariakoo niulizie mtaa gani?