MREJESHO: Amplifaya iliyokuwa inazima kila nikipandisha sauti, tatizo limeisha

Wakuu habari za jioni, natoa mrejesho kama nilivyoahidi. Kwa wasiokumbuka, nina gari aina ya Noah lenye sabufa mbili za inchi 12, amplifaya ya chaneli moja wati 600, nikipandisha sauti kidogo tu inawaka taa nyekundu na kujizima.

Jumamosi nimeenda kwa fundi mwingine pale Mwanjelwa, Mbeya, akachomoa waya za sabufa akapima na mita, kumbe kila sabufa ina koili mbili za omu 2 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme, ukiwa mdogo sana amplifaya inazidiwa) na yule fundi wa kwanza alizifunga zote nne paraleli (sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi) kwahiyo amplifaya ilikuwa inaona nusu omu wakati yenyewe haitakiwi kushuka chini ya omu 2, iliniuma sana maana ilibaki kidogo iungue na hela nimeitafuta kwa shida. Akafunga koili za kila sabufa kwa sirizi (moja ikifuata nyingine) zikawa omu 4, halafu sabufa zote mbili paraleli, mita ikasoma karibu na 2.

Waya wa betri nao ulikuwa mwembamba, tumeweka mnene wa geji 4 wa kopa halisi na fyuzi ya ampia 60 karibu kabisa na betri, na pale ethi (waya wa hasi) inapofungwa kwenye bodi ya gari tumekwangua rangi mpaka chuma.

Jana nimetoka Uyole mpaka Tukuyu sauti juu njia nzima, haijazima hata mara moja. Yule mkuu aliyesema nipime omu kwanza kabla ya kununua amplifaya nyingine, Mungu akubariki sana.