MREJESHO: Saruji ya darasa, nimefika TAKUKURU

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza hapa pa kuripoti saruji ya darasa iliyopungua, mkanishauri. Hela ya kujenga darasa iliingia kijijini kwetu, huku Lindi. Leja ya stoo inasema saruji mifuko 120 imepokelewa, sisi tuliosomba mchanga kwa nguvu zetu tuliona 70 ikishushwa.

Nilipiga 113, namba ya bure ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa. Aliyepokea hakuanza na jina langu. Aliuliza mradi gani, lori lilikuja lini, nani alisaini mzigo. Nikababaika, maana maneno mengi nilikuwa nayo ya kijiweni. Nikarudi kujipanga: tarehe, picha ya leja, majina ya kamati ya mapokezi. Ndipo nikaenda ofisini kwao mwenyewe.

Aliyenitisha hapa kuwa nikiripoti nitaanikwa: kuna Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015. Niliomba jina langu lisitajwe, na mpaka leo sijalisikia likitajwa. Ila kijiji ni kidogo, watu wanahisi tu.

Na aliyesema hapa nianzie mkutano wa kijiji hakukosea sana. Mapato na matumizi yanatakiwa kusomwa kila miezi mitatu. Kwetu hayajasomwa tangu msimu wa korosho. Niliuliza mkutanoni, mwenyekiti akajibu "yataletwa".

Maofisa wawili walishakuja, wakaondoka na leja. Siku mbili baadaye mifuko 30 ikaonekana stoo asubuhi, eti ilikuwa "imehifadhiwa kwa mtu". Hiyo 20 iliyobaki bado haijaonekana. Uchunguzi unaendelea.